John Wayne hakupotezewa muda kwenye kauboi za bei chee

Stori ya John Wayne, yule staa wa kauboi wa Hollywood, inayosimuliwa kila mahali ni ile ile: jamaa alipewa nafasi kubwa mwaka 1930, picha ikabuma, akatupwa kwenye vimuvi vya kauboi vya bei chee karibu miaka tisa, alafu 1939 akaja dairekta John Ford akamuokota kwa picha ya Stagecoach na kumfanya staa. Inasimulika vizuri kwasababu ina kuanguka, ina mateso, alafu ina mkombozi. Shida yake ni kwamba ile miaka tisa inabaki tupu, hamna mtu anayeuliza huyo bwana alikuwa anafanya nini asubuhi mpaka jioni, na nani, na alitoka na nini, na ukikaa ukazitazama hizo muvi kwa mpangilio unaona wazi kabisa kwamba Ford alipokea mtu ambaye tayari ameshaiva.

Mi naona hivi: 1930 Wayne alipewa mlango kabla hajawa na ufundi, kati ya 1933 na 1938 akapata ufundi bila mlango, na 1939 ndo mara ya kwanza vyote viwili vikakutana. Tunamsifia sana aliyefungua mlango, waliompa ufundi hatuwajui hata majina, na hilo linaniuma kidogo kwasababu ni watu waliofanya kazi kwa presha ya ajabu na pesa ya mawazo.

Tuanze na huo mlango wa kwanza. Kijana aliitwa Marion Robert Morrison, kazaliwa 1907 Winterset, Iowa, kakulia Glendale, California, alikuwa anacheza mpira wa Kimarekani chuo cha USC mpaka akaumia na udhamini wa masomo ukaondoka, akaishia studio ya Fox anabeba fenicha na vifaa vya seti na kutokea tokea kwenye muvi kama ekstra. Dairekta Raoul Walsh akamuona pale, akapenda anavyosimama, wakampa jina jipya na wakampa ustering wa The Big Trail, picha kubwa ya msafara wa walowezi kwenda magharibi, iliyopigwa kwa filamu pana ya milimita 70 ambayo Fox waliiita Grandeur. Sasa ona balaa, picha imetoka Oktoba 1930, uchumi wa Marekani umeshaporomoka, wenye majumba ya sinema ndo kwanza wametoka kununua mitambo ya sauti, nani atanunua tena projekta mpya na skrini mpya kwa ajili ya picha moja? Karibu nchi nzima wakaiona kwa toleo la kawaida la milimita 35, hela haikurudi, na lawama ikamwangukia kijana wa miaka 23.

Haikuwa haki. Ila pia tuseme ukweli, ukimtazama Wayne kwenye The Big Trail utaona kijana mzuri wa sura, mrefu, farasi anampanda vizuri, lakini akifika kwenye maneno anayasukuma nje moja moja na mikono hajui aiweke wapi. Ana mwili wa staa ila hajui bado autumieje. Angepewa picha kubwa nyingine ya pili na ya tatu mfululizo, mi sidhani kama angedumu.

Baada ya hapo alipita studio ya Columbia, hakukaa vizuri pale, akafanya siriali za Mascot zile za kuonyeshwa kipande kila wiki, alafu Warner wakamchukua kwa kauboi sita za 1932 na 1933. Hizi sita ni somo zima la ubahili. Warner walikuwa na picha za zamani zisizo na sauti za staa Ken Maynard, zina sini kubwa za farasi wengi na ng'ombe wakitimua vumbi, wakachukua stori zile zile wakazipiga upya na Wayne, ila zile sini za gharama wakazikata kwenye picha za Maynard na kuzibandika. Ili isijulikane Wayne akavalishwa nguo za kufanana na za Maynard na akapewa farasi mweupe wa kufanana na wake. Kwahiyo kwenye baadhi ya sini unazodhani unamwangalia Wayne anakimbia porini ni mtu mwingine, miaka kadhaa nyuma.

Alafu ndo tunafika kwenye moyo wa hii ishu, Lone Star. Hii ilikuwa lebo ya prodyuza Paul Malvern, picha zake zilisambazwa na Monogram, moja ya zile studio ndogo ambazo Hollywood walizitupia jina la mtaa wa masikini. Kati ya 1933 na 1935 Wayne alipiga picha 16 hapo, nane kwa msimu, kila moja inacheza kama saa moja hivi na nyingine hazifiki, bajeti dola elfu kumi na kitu, kuzipiga ni siku chache tu, mara nyingi wiki haiishi. Nyingi alizidairekt Robert N. Bradbury.

Kuelewa kwanini zilikuwa hivyo lazima uelewe zilivyouzwa. Picha kubwa za studio kubwa zilikuwa zinagawana asilimia ya mlangoni na mwenye sinema, ikijaza unakula zaidi. Kauboi za bei chee zilikodishwa kwa bei ya mkupuo, mwenye sinema wa mji mdogo kule kusini au kwenye majimbo ya wakulima analipa kiasi chake kidogo, anaonyesha Jumamosi, watoto wanajaa, biashara imeisha. Maana yake ni kwamba picha ikiwa nzuri mara mbili haikuletei hela mara mbili, pesa yote ya faida ipo kwenye kile ulichokataa kutumia. Na zaidi ya hapo mwenye sinema alikuwa ananunua msimu mzima, nane kwa mpigo, nyingine hata skripti haijaandikwa, kwahiyo alichonunua sio stori bali ni jina, nipe Wayne nane. Mtu anasema hizo picha hazikuwa na maana, lakini zilikuwa zinapeleka sura moja na jina moja kwenye miji midogo ambayo picha za kifahari za New York zilikuwa hazina habari nayo, msimu baada ya msimu, mpaka watoto wale wakawa wakubwa.

Na ndani ya hilo banio la pesa kuna watu walikuwa wanafikiria kwa bidii. Chukua Randy Rides Alone ya 1934. Inaanza Wayne anapanda farasi kuelekea baa, anasikia piano inapigwa kwa furaha, anaingia ndani, watu wote wameshauawa wamelala sakafuni na kwenye kaunta, piano ni ya mashine inajipiga yenyewe, na ukutani kuna picha ambayo macho yake ni ya mtu aliye hai nyuma ya ukuta anamchungulia. Hiyo sini imegharimu nini? Chumba kimoja, watu wachache wa kulala chini, piano. Hamna mazungumzo, Wayne anatembea tu, anatazama, anaelewa. Kuna madairekta wenye mamilioni hawajawahi kufungua picha vizuri hivyo, na mi nikimwonyesha mtu kauboi za bei chee namwanzishia hapo.

Nani alikuwepo kwenye hizo seti? Nyuma ya kamera, kwenye nyingi kati ya zile 16, alikuwa Archie Stout, ambaye baadae alipiga Fort Apache ya Ford mwaka 1948 na akashirikiana tuzo ya Oscar kwa The Quiet Man ya 1952. Mbele ya kamera alikuwepo George Hayes, mara mzee mwema, mara adui, kabla hajawa yule mzee mwenye ndevu aliyependwa Marekani nzima kwa jina la Gabby. Na alikuwepo Yakima Canutt.

Hapa lazima nikae kidogo. Canutt alikuwa bingwa wa rodeo, yale mashindano ya makauboi ya kupanda farasi wakali, aliyeingia kwenye muvi, kazi yake kuanguka, kurukia farasi, kuburuzwa, na kwenye picha hizi alikuwa anafanya hatari zote za stering alafu siku hiyo hiyo anabadilisha nguo anakuwa adui na anakimbizwa, kwa hesabu za ubahili ni kama kuna sini alikuwa anajifukuza mwenyewe. Zamani kwenye picha watu wakipigana walikuwa wanagongana mabegani na mikononi, inaonekana ya uongo kabisa, au wanaumizana kweli. Canutt na Wayne, pamoja na Bradbury, wakatengeneza namna ya kurusha ngumi ikapita mbele ya uso bila kugusa, kamera imewekwa nyuma ya bega pembe ambayo jicho haliwezi kuona pengo, na anayepigwa anageuza kichwa kwa wakati. Leo hii ukitazama mtu anakula ngumi kwenye muvi yoyote, iwe ya Hollywood, Bombay au ya kwetu, msingi ni huo huo. Umetengenezwa kwenye vichaka vya California na watu waliokuwa wanakimbizana na jua lisizame kabla picha haijaisha.

Na sio ngumi tu. Wayne mwenyewe alikiri kwamba alimsoma Canutt, anavyotembea, anavyokaa kwenye farasi, anavyoongea taratibu akikasirika badala ya kupayuka. Mwendo ule wa John Wayne ambao watu wanauigiza mpaka leo, bega moja mbele na hatua kama anapima ardhi, una asili yake kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutoonekana sura. Yaani staa aliyeigwa kuliko wote kwenye kauboi alikuwa naye anamuiga mtu, na mtu huyo alikuja kupewa Oscar ya heshima ya mwaka 1966 tu, baada ya maisha mazima ya kuvunjika mifupa.

Kuna majaribio pia hayakufanikiwa na nayo ni sehemu ya shule. Picha ya kwanza ya Lone Star, Riders of Destiny ya 1933, ilimfanya Wayne kauboi mwimbaji, Singin' Sandy, anatembea kwenda kuuana huku anaimba kwa sauti nzito ambayo sio yake, imewekwa ya mtu mwingine. Ni kituko, ila wazo lenyewe lilikuwa sahihi, lilikosa mtu, na Gene Autry alipokuja 1935 na Tumbling Tumbleweeds kauboi mwimbaji akawa biashara kubwa kabisa. Wayne akajua mapema kile ambacho sio chake, na akajua kwa gharama ndogo. Kwenye picha kubwa kosa kama lile linakuzika.

Mwaka 1935 Herbert Yates, aliyekuwa na maabara kubwa ya kusafisha filamu, akawaunganisha Monogram, Mascot na wengine wakawa studio moja, Republic, na Wayne akaingia na Westward Ho, pesa imeongezeka kidogo na farasi wameongezeka. Baada ya kauboi kadhaa akachoka, akaenda studio ya Universal 1936 na 1937, akafanya picha sita ambazo sio za kauboi kabisa, ya walinzi wa pwani, ya madereva wa malori, ya mcheza hoki, ya mpiga picha wa vita. Hazikushika. Waliompenda walikuwa wanamtaka kwenye farasi na wasiomjua hawakuona sababu ya kumjua, akarudi Republic hali imekuwa mbaya kuliko alivyoondoka.

Alichokuta ni The Three Mesquiteers, siriz ya makauboi watatu marafiki kutoka kwenye vitabu vya William Colt MacDonald, ambayo kati ya 1936 na 1943 ilitoa picha 51, waigizaji wanabadilishwa, siriz inaendelea. Wayne aliingia 1938 kuchukua nafasi ya Robert Livingston, akawa Stony Brooke pamoja na Ray Corrigan na, kwenye sita za kwanza, Max Terhune, akafanya nane, zote zimedairektiwa na George Sherman. Na hapa ndo siriz ya bei chee inaonyesha sura yake yote, kwasababu kwenye Overland Stage Raiders ya 1938 anayecheza na Wayne ni Louise Brooks, yule yule wa Pandora's Box ya Ujerumani ya 1929, mmoja wa waigizaji wakubwa wa enzi za picha bila sauti, na hiyo ikawa picha yake ya mwisho. Mwaka uliofuata kwenye New Frontier msichana ni Phylis Isley, hana jina kabisa, ambaye miaka michache mbele akaitwa Jennifer Jones na kuchukua Oscar kwa The Song of Bernadette. Mmoja anashuka, mmoja anapanda, na katikati kuna jamaa wa miaka thelathini na kitu ambaye hamna mtu kipindi hicho angeweza kukuambia yeye ni wa upande gani.

Sasa kuna watu watasema basi hizo siriz ndo zilitengeneza mastaa, ukikaza tu unatoka. Hapana, na ushahidi ni Bob Steele. Huyu alikuwa mtoto wa huyo huyo Robert N. Bradbury, alisoma Glendale na Wayne, walijuana tangu ujana, na mwanzoni mwa miaka ya 30 yeye ndo alikuwa staa wa kauboi mwenye jina zaidi ya mwenzake. Ngumi anajua, farasi anajua, na uigizaji anao, mtazame tu kama Curley kwenye Of Mice and Men ya 1939 au kama muuaji Canino kwenye The Big Sleep ya 1946 anavyotisha kwa dakika chache. Shule ile ile, mwalimu akiwa baba yake mzazi. Lakini mwaka 1940 Bob Steele yeye ndo alikuwa anaingia kwenye The Three Mesquiteers wakati Wayne ametoka, akakaa humo mpaka siriz inakufa. Alikuwa mfupi, wenye hela wakamuona ni adui mzuri, sio stering wa picha kubwa. Kazi nyingi inampa mtu ufundi, ila kuchaguliwa ni kitu kingine kabisa na hakigawiwi kwa haki, na ndo maana huwa sikubali watu wakimtumia Wayne kama mfano wa kuwaambia vijana vumilieni tu. Wamevumilia wengi.

Tuje kwenye mlango wenyewe. Ford alimtaka Wayne kwa Stagecoach, prodyuza David O. Selznick alitaka mastaa Gary Cooper na Marlene Dietrich, Ford akakataa, akaenda kwa prodyuza mwingine, Walter Wanger, bajeti kama dola nusu milioni. Aliyewekwa jina juu na kulipwa vizuri alikuwa Claire Trevor, Wayne alipewa kidogo, na tusijifanye hatuoni kwamba urahisi wake ulikuwa sehemu ya hesabu. Alafu angalia anavyoingia: risasi inalia, gari la farasi linasimama, Wayne amesimama na tandiko na bunduki anaizungusha kwa mkono mmoja, kamera inamkimbilia mpaka usoni. Kila mtu anamsifia Ford kwa hiyo shoti na anastahili. Ila kile kinachoshikilia shoti ni mtu kutulia, hafanyi chochote cha ziada, anaiacha kamera imfuate. Yule wa 1930 asingeweza. Huyu amesimama mbele ya kamera kwenye picha zaidi ya hamsini, nyingi hazikuwa na muda wa kurudia shoti, ameshajifunza kwamba kutokufanya kitu nako ni kitu.

Na kwenye ule mkimbizano wa jangwani, anayerukia farasi wa mbele alafu anaanguka na gari linampita juu ni Yakima Canutt, mtindo aliokuwa ameshaujaribu kwenye kauboi za bei chee kabla ya hapo. Wakosoaji waliokuwa hawajawahi kutazama hata moja ya Monogram wakaona kitu kipya kabisa.

Kuna uchafu pia na sitauruka. Wahindi Wekundu kwenye hizi siriz ni watu wa kupigwa risasi au wa kumfuata mzungu nyuma, na mara nyingi wanaigizwa na wazungu, kwenye The Star Packer ya 1934 Canutt mwenyewe ndo anacheza Mhindi, na jina lake la Yakima lilitokana na sehemu tu, hakuwa wa kabila hilo. Wamexico nao wamegeuzwa majambazi. Stagecoach haikurekebisha hilo, ilichukua ule ule mtazamo ikaupiga vizuri zaidi. Na Wayne mwenyewe aliyoyasema kuhusu watu weusi na wenyeji wa Marekani kwenye mahojiano na jarida la Playboy mwaka 1971 ni ubaguzi wa wazi. Watu wa kwetu wanaomkumbuka kwa Hatari! ya 1962, ile aliyokuja kuipiga Tanganyika kule Momella karibu na Arusha, wanastahili kuyajua yote mawili, ufundi wake na hayo.

Kitu ambacho stori ya mkombozi inakiacha kabisa ni kilichofuata baada ya Stagecoach. Imetoka mwanzoni mwa 1939, watu wanaongea, na bado kati ya Aprili na Agosti mwaka huo huo Republic wakatoa The Three Mesquiteers nne za Wayne, mkataba ni mkataba. Mwezi mmoja yupo kwa Ford, mwezi unaofuata yupo na Terhune na mdoli wake anayeongea. Republic walijua wanacho nini mkononi, mwaka 1940 wakafungua pochi kwa Dark Command, wakamweka tena na Claire Trevor, na kwenye kiti cha dairekta wakamweka Raoul Walsh, yule yule aliyemuona anabeba fenicha miaka kumi nyuma. Tazama The Big Trail alafu tazama hiyo, dairekta mmoja, staa mmoja, na hamna hata moja iliyodairektiwa na Ford. Tofauti unayoiona kati ya wale vijana wawili imetoka kwa Bradbury, Canutt, Stout na Sherman, na zile 16 za Lone Star nyingi haki zake zilishaisha, zipo wazi mtandaoni bure kwa yeyote anayetaka kuhakikisha.